Opali za matabaka kwa seti ya bibi harusi: nichukue dableti, tripleti, au niachane nazo?

binti_malindi
Assalaam alaikum wanajukwaa.

Mdogo wangu anaolewa mfungo mosi inshallah, na mie ndiye niliyejitwika seti ya kuvaa siku ya kupambwa. Dhahabu skwambieni bei ilipofika, mnajua wenyewe. Nikaona bora fedha yenye vijiwe, na yeye tokea zamani roho yake iko kwenye opali.

Kuna duka moja mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, nimeona herini, kidani na pete. Jiwe ukiligeuza linawaka kijani na buluu, na wekundu kidogo pembeni. Kijana wa pale anasema ni "opali halisi ya Australia", laki tatu na nusu seti nzima, na ukimkalia anashuka. Mkunazini nako nimekuta seti inayofanana nayo, mzee mwenye duka kanambia waziwazi kabla sijauliza: "Hizi tripleti mwanangu, tabaka tatu zimegandishwa." Bei yake haifiki nusu ya ile.

Kwa macho yangu mie zote moja. Sasa nnachotaka kujua, hizi za kugandisha ni feki? Na kama si feki, zinadumu? Mwenye kujua vito anisaidie, sitaki bwana harusi na jamaa zake waje wacheke.

Kibarua wa Forodhani
Chukua kipini cha dhahabu hata kama kidogo. Fedha na vijiwe ni mambo ya watalii.

binti_malindi
@Kibarua wa Forodhani ahsante, changia basi hicho kipini 😂

fundi_wa_fedha
Waalaikumu salaam bibie. Huyo mzee wa Mkunazini mshike, maana kakupa ukweli bila kuuombwa. Kazi yangu ni fedha na nimeshawatilia watu vijiwe hivi kwenye pete na vidani, ntakueleza nnavyovijua.

Opali ni silika, yaani madini yanayotengenezewa kioo, yenye maji ndani yake. Mna vitufe vidogo mno vya silika, jicho halivioni, na vikiwa vimejipanga safu kwa safu kwa ukubwa mmoja, mwanga ukipita baina yao hugawika na rangi zikatoka. Ndiyo maana ukiligeuza jiwe rangi nayo inahama. Vitufe vikiwa vimelala ovyo, hupati rangi kabisa, unapata jiwe la maziwa au la kijivu tu, na machimboni hilo ndilo lililojaa. Ile yenye rangi mara nyingi hutokea kwa mstari mwembamba ambao huwezi kuuchonga ukawa jiwe zima.

Basi mafundi wakaukata mstari ule wakaubandika juu ya kitu cheusi: kipande cha mwamba, opali nyeusi isiyocheza rangi, au kioo cheusi. Hiyo dableti, tabaka mbili. Ukiongeza juu yake kifuniko cheupe kinachopitisha mwanga, cha kwatzi (jiwe gumu angavu) au kioo, na wengine hutia plastiki, hiyo tripleti. Katika tripleti opali yenyewe mara nyingi haifiki hata nusu milimita. Weusi wa chini ndio unaozifanya rangi zitoke kwa nguvu, na kile kifuniko cha juu kimevimba kidogo, kwa hiyo kinalinda na kinakuza.

Kwa hiyo si feki. Kijana wa Gizenga anaposema "halisi" inawezekana hata hajasema uongo, kijitabaka cha katikati kweli kimetoka Australia. Tatizo ni kile alichokinyamazia.

kizimkazi_kwetu
Fundi swali. Jiwe likiwa limeshatiwa kwenye fedha, mtu wa kawaida atajuaje kuwa ni tabaka?

fundi_wa_fedha
Litazame ubavuni, usilitazame usoni. Toka nalo nje, kaa kwenye baraza ya duka, uliweke usawa wa jicho. Tripleti utaona juu cheupe kinapitisha mwanga, kisha uzi wa rangi, kisha weusi, na mipaka imenyooka sawasawa. Ukiwa na lenzi ya sonara ya mara kumi, ile inayokunjwa, utaona hata viputo vya hewa ndani ya gundi. Dableti haina kile cheupe cha juu, rangi inaanza moja kwa moja, ila mstari baina yake na mgongo nao umenyooka.

Angalia hapa usichanganye. Ipo opali ya Queensland, Australia, inayotoka imeshikana na mwamba wake wa chuma, na hiyo huchongwa pamoja na mwamba wake. Ni jiwe zima, hakuna gundi. Ukiitazama ubavu, mpaka wake unapinda, unapanda unashuka, mahali pengine opali imezama ndani ya mwamba. Gundi ya mkono wa mtu haipindi hivyo.

Sasa kama fedha imelizunguka jiwe ubavu mzima na nyuma pamezibwa, hapo huoni kitu. Si dalili ya wizi peke yake, kwani tripleti tunapenda kuizungushia fedha ili kingo zisigongwe, na mie mwenyewe nafanya hivyo. Lakini ukikuta imezibwa pande zote na muuzaji anataka bei ya jiwe zima, mwambie akuandikie kwenye risiti: "opali zima" au "tripleti". Kalamu ina uzito kuliko ulimi.

binti_malindi
Ya Gizenga imezibwa nyuma. Juu ukiitazama kwa upande naona mng'aro wa kioo kabisa, na nikiinamisha sana rangi inapotea pembeni nabaki naona weusi.

fundi_wa_fedha
Ushajijibu. Hiyo tripleti kwa maelezo yako, na anakuuzia kwa jina la jiwe zima.

Mwarabu wa Kokoni
Mimi niko Maskati, hapa tripleti zimejaa. Nilimnunulia mke wangu pete, duka la watu wakubwa tu. Mwaka haujapita kingo zikaanza weupe, mfano wa kioo kilichopata ukungu, kisha ukungu ukaenda katikati. Nikarudi nayo, wakanambia "ameoga nayo". Sasa mtu gani haogi? Hakuna aliyeniambia siku ya kununua.

mke_wa_nahodha
@Mwarabu wa Kokoni hapo ndipo nilipotaka pafikiwe. Ninyi wanaume mnaongea mwamba na vitufe, hamkuuliza huyo bibi harusi atatawadha na nini. Udhu mara tano kwa siku, pete kama inabana lazima uisogeze maji yafike chini yake. Bado kuosha vyombo, kufua, kukanda unga, kukuna nazi. Pete ya tripleti mkononi mwa mwanamke wa kwetu haina maisha.

Mie ninazo herini za tripleti, nimezaa watoto nazo, ziko vilevile. Sikio halitiwi kwenye beseni. Natawadha, napaka maji masikioni kwa ncha ya kidole, nazikwepa, kwisha. Nikienda kuoga nazivua.

Shoga, chukua herini na kidani. Pete mwache avae ya fedha tupu au ya akiki, hiyo hata aitumbukize kwenye shimo la chumvi haimjali.

fundi_wa_fedha
Bi mkubwa kamaliza. Na sababu yake ni gundi. Opali nzima ya Australia maji haiyaogopi, ina maji yake ndani kwa asili. Ya tabaka, maji yanaingilia kingoni taratibu, gundi inaachia, ndipo ule ukungu alioueleza wa Maskati. Kumwagikiwa mara moja ukaifuta hakuiui. Inauliwa na kulowa kila siku na kulowekwa. Bahari ni hivyohivyo. Ukungu ukishaingia mie siwezi kuutoa, wala simjui fundi hapa Unguja anayeweza. Unabadilisha jiwe.

Na kwa sababu unabadilisha jiwe, nunua lile lenye kipimo cha kawaida. Duara dufu la milimita 7 kwa 5, 8 kwa 6, 10 kwa 8, hizo zinachongwa kwa maelfu, likifa moja unaagiza jingine linakaa palepale. Wakikuuzia umbo la ajabu, moyo, tone lililopinda, sijui nusu mwezi, siku likiharibika utavunja kidani kizima.

Tena usikubali kununua tripleti kwa karati! Bei yake ni ya kipande. Karati ni uzito, sehemu moja ya tano ya gramu, na uzito wa tripleti karibu wote ni kioo na mgongo. Mtu akikupigia hesabu ya karati anakuuzia kioo kwa bei ya opali.

Pweza Mkavu
Mimi swali la kiume. Nataka pete ya fedha na jiwe kubwa jeusi lenye moto ndani. Dhahabu hatuvai. Opali nyeusi nzima bei gani?

fundi_wa_fedha
Yakhe, opali nyeusi za Lightning Ridge kule New South Wales, Australia, zile za daraja la juu ni maelfu ya dola kwa karati moja. Uza boti kwanza. Ukitaka ule weusi na moto kwa pesa ya kawaida, ndiyo dableti, mgongo wa mwamba. Ila kumbuka alivyosema bi mkubwa, ivue ukienda kutawadha. Na uso wa dableti ni opali yenyewe bila kifuniko. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs (1 laini kabisa, 10 gumu kabisa) ni 5.5 mpaka 6.5, vumbi la barabarani lenye kwatzi ni 7. Ukiifuta vumbi kwa kanzu kila siku unaikwaruza mwenyewe. Tripleti yenye kifuniko cha kwatzi inastahimili zaidi mikwaruzo, yenye kioo inakwaruzika vilevile.

kizimkazi_kwetu
Na mchanga wa pwani je?

fundi_wa_fedha
Huu wetu mweupe wa Paje na Jambiani ni matumbawe na makombe yaliyosagika, ni laini kuliko opali. Mchanga si adui sana. Maji ya chumvi ndiyo adui.

karafuu_kavu
Salamu kutoka Wete. Nyie mnamshauri mtoto wa watu opali mbona hamumwambii kuwa lile jiwe lina nuksi? Bibi yangu alikuwa akisema mawe yanayobadilika rangi hayavaliwi na bibi harusi.

mke_wa_nahodha
Astaghfirullah. Jiwe halina nuksi wala baraka.

Mwarabu wa Kokoni
Hiyo nuksi ya opali Wazungu ndio walioivumisha karne ya 19, halafu malkia wao mwenyewe, Victoria, akawa anawagawia binti zake. Na wengine leo wanalifanya jiwe la waliozaliwa Oktoba, eti lina bahati. Wakiamka vibaya nuksi, wakiamka vizuri bahati.

karafuu_kavu
Haya. Mie nimesema tu. Lakini Chake nimeona vidani vya samaki na kasa, vimetiwa kijiwe cha buluu kinachowaka vibaya sana, elfu ishirini. Hiyo nayo ni tripleti?

fundi_wa_fedha
Hapana ndugu yangu, vile mara nyingi ni opali ya kutengenezwa, ya maabara, wala haikutoka ardhini. Rangi yake inawaka sawasawa kila mahali, hakuna pahala palipopoa, na ukiitia lenzi utaona madoa yamepangana mfano wa ngozi ya nyoka. Wala si kitu kibaya, kinapendeza, mtalii anafurahi, wewe unajua umenunua nini. Ikiitwa opali ya Australia ndipo ugomvi unapoanza. Na hata tripleti siku hizi wengine wanatia hiyo ya maabara katikati, muulize muuzaji.

Chini zaidi ya hapo kuna kile kioo cha maziwa wanachokiita opalaiti. Ukikiweka juu ya kitambaa cheusi ni buluu ya maziwa, ukikiinua kwenye jua kinakuwa rangi ya chungwa. Hakina rangi inayohama hata chembe. Hicho ni kioo tu, shanga.

binti_malindi
Wallahi hili jukwaa. Sasa kuna mtu kaniambia nichukue ya Ethiopia, ni jiwe zima, halina gundi, na bei yake si kali. Hiyo si bora kuliko kuhangaika na tabaka?

fundi_wa_fedha
Kwa mtu mwingine ningesema ndiyo. Kwa bibi harusi wa Unguja nasema ngoja.

Ile ya Wollo, huko Ethiopia, iliyoanza kutoka kwa wingi mwaka 2008, ni jiwe zuri na nyingi ni zima kweli. Lakini nyingi zinakunywa maji. Ukiitia majini inaweza kuwa angavu ya kuonekana upande wa pili, rangi zikajificha, kisha ikikauka zinarudi. Maji safi si hoja sana. Hoja ni kuwa jiwe linalokunywa maji linakunywa na mafuta, manukato na rangi. Sasa wewe unanambia siku ya kupambwa: hina, piko, mafuta ya nazi, asumini, udi chini ya nguo, marashi juu. Likishakunywa hina mie silisafishi.

mke_wa_nahodha
Na za tabaka nazo zivaliwe mwisho. Hina imekauka, nywele zimefukizwa, marashi yameshapigwa, ndipo kidani kikae shingoni. Bibi harusi wetu tunawafukiza mpaka kuku wa jirani wanapiga chafya.

Kibarua wa Forodhani
Kwetu Tanzania hakuna opali? Mnaniagizia Australia na Ethiopia.

fundi_wa_fedha
Ipo. Haneti, Dodoma, inatoka opali ya kijani, nikeli ndiyo inayoipa kijani kile. Haichezi rangi, ni kijani kimoja kilichotulia, lakini ni jiwe zima na bei yake ya watu. Kwa pete ya huyo bibi harusi, kama anataka kufanana na herini zenye kijani, ningeliiangalia hiyo kabla sijakata tamaa.

Pweza Mkavu
Kusafisha je? Mama yangu fedha zote anasugua kwa ndimu na jivu.

fundi_wa_fedha
Kwa fedha tupu sina neno na mama. Yenye tripleti hapana: ndimu hapana, jivu hapana, dawa ya kuchovya fedha hapana, na ile mashine ya maduka makubwa inayotetemesha maji hapana kabisa. Kitambaa laini, chenye unyevu kidogo tu, kisha kikavu. Fedha ya huku inasawijika haraka kwa hewa ya bahari, kwa hiyo ifutwe na iwekwe ndani ya kifuko, isitundikwe kwenye kioo cha meza.

Na ukipeleka kwa sonara kupunguza pete au kuunga mkufu uliokatika, mwambie kabla hajashika moto: "hii ya gundi." Moto wa kuungia fedha ukifika karibu na tripleti, gundi inaachia pale pale, kifuniko kinaruka. Jiwe linatolewa kwanza, kazi inafanyika, linarudishwa.

binti_malindi
Nimerudi jamani. Leo nimekwenda Mkunazini na lenzi ya kuazima. Nimekaa barazani na mzee kaniletea herini jozi kadhaa nichague. Nilipozitia ubavu nikaona kila alichokisema fundi: cheupe, uzi wa rangi, weusi. Jozi moja herini ya kulia ilikuwa na kiputo kingoni, mzee mwenyewe akaitoa akaiweka kando, akasema hiyo haiuzi.

Kisha nikafanya jambo moja nililofunzwa na mama: nikazipeleka kivulini, ndani kabisa ya duka, mbali na taa. Jozi mbili zikazima. Moja ikabaki inawaka kijani hata huko, na zote mbili kushoto na kulia zinawaka zikitazamwa usoni, si mpaka uinamishe kichwa. Hiyo ndiyo niliyoichagua, na kidani chake 10 kwa 8. Risiti kaandika kwa mkono wake: "tripleti, opali ya asili, fedha 925, bei kwa kipande." (Hiyo 925 ni fedha safi sehemu 925 kwa elfu.)

mke_wa_nahodha
Hongera shoga! Na pete?

binti_malindi
Pete nimeiacha. Nikamwambia mzee habari ya ile kijani ya Haneti, akasema anaye mtu wa kumletea kutoka bara, wiki ijayo nimpigie. Kama haikufika kabla ya mfungo mosi, mama anayo pete yake ya akiki, tumeshazungumza.

Kibarua wa Forodhani
Na yule wa Gizenga?

binti_malindi
Nilipita nikamwomba aniandikie kwenye risiti "opali zima". Akasema kitabu cha risiti kiko kwa bosi wake.

karafuu_kavu
😂😂 Fundi, hiyo lenzi ya mara kumi Pemba naipata wapi?

fundi_wa_fedha
Muulize sonara yeyote wa Chake, mwenye mbili atakuuzia moja. Nunua yenye kioo, ya plastiki inakwaruzika mapema.